Soko la Nyumba katika Mji wa Williston

Wanafunzi wengi hudhani kwamba bei ya nyumba ni bei ya mbao, matofali, misumari na ujira wa fundi. Nami hulianza somo hili kwa hesabu hiyo, kisha huwaambia waifute ubaoni.

Tuitazame ramani ya Marekani. Kaskazini, mpakani mwa Kanada, limo jimbo la North Dakota, na magharibi mwake, karibu na mto Missouri, uko mji wa Williston. Ulianza kwa reli, ukaishi kwa ngano na ng'ombe. Mwaka 2000 watu wake walikuwa 12,512 tu.

Chini ya mashamba ya nchi ile mna mafuta. Yaligunduliwa mwaka 1951 karibu na Tioga, upande wa mashariki wa Williston, lakini mengi yalikuwa yamenaswa katika mwamba mgumu uitwao Bakken. Kwa muda wa miaka michache kabla ya 2010, makampuni yalijifunza kuchimba kisima kwenda chini, kukipinda kiende ubavuni, kisha kuupasua mwamba kwa maji na mchanga uliosukumwa kwa nguvu nyingi. Kazi zikatokea kwa maelfu, na wakati ule ule sehemu nyingine za Marekani zilikuwa katika dhiki baada ya msukosuko wa mabenki wa mwaka 2008. Basi watu wakamiminika. Kazi waliipata, mahali pa kulala hawakupata. Wengine walilala garini katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, wengine kanisani sakafuni, wengine katika kambi za wafanyakazi. Mwanzoni mwa mwaka 2014 hesabu moja iliyochapishwa ilionyesha kwamba nyumba ya kupanga yenye chumba kimoja cha kulala ilitozwa wastani wa dola 2,394 kwa mwezi, kupita hata New York.

Mbona basi nyumba hazikujengwa upesi? Hapa ndipo penye somo. Majira ya baridi ni marefu na ardhi huganda, kwa hiyo miezi ya kuchimba misingi ni michache. Mafundi nao walikwenda visimani kwenye mshahara mnono. Tena nyumba haitoshi bila barabara, maji safi na mifereji ya maji machafu, na hivyo hugharimiwa kwanza. Zaidi ya yote, wenyeji walikuwa na kumbukumbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafuta yalikuwa yameleta neema kama hiyo. Mji ukatayarisha viwanja vingi, bei ya mafuta ikaanguka, wajenzi wakaondoka, na mji ukaachwa na deni la mamilioni ya dola kwa viwanja vitupu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sioni haki ya kuwacheka.

Tusisahau kwamba neema hiyo haikuwafikia wote sawasawa. Mwenye nyumba yake alitajirika akiwa amekaa. Mpangaji aliyezaliwa pale pale, mkataba wake ulipokwisha, alitajiwa kodi mpya ambayo hakuiweza, na sheria ya jimbo hairuhusu mji kuweka kikomo cha kodi. Wazee walioishi kwa pensheni walihama mji waliokuwa wameujenga wao.

Na mnunuzi je? Marekani watu wengi hununua nyumba kwa mkopo wa benki, nyumba yenyewe ikiwa rehani, na mara nyingi hulipa kwa miaka 30. Tufanye hesabu ya mfano. Mtu amekopa dola 200,000 kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Kila mwezi atalipa kama dola 955, na hata mwisho atakuwa amelipa karibu dola 343,700. Baada ya miaka mitatu bado anadaiwa kama dola 189,000, kwa sababu malipo ya mwanzo huliwa zaidi na riba. Sasa tuseme mwaka huo nyumba yake haipati mnunuzi wa zaidi ya dola 150,000. Akiiuza, bado ana deni la dola 39,000 na nyumba hana. Asipoiuza, hawezi kuifuata kazi mji mwingine.

Hayo si ndoto. Katikati ya mwaka 2014 pipa la mafuta liliuzwa zaidi ya dola 100. Mapema mwaka 2016 lilishuka chini ya dola 30. Wafanyakazi wakafunga mizigo, nao wenye nyumba za kupanga, ambazo nyingi zilikuwa mpya kabisa, wakapunguza kodi sana ili wapate wapangaji. Mbao na misumari havikubadilika hata kidogo.

Hata hivyo mji haukufa. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta wakazi 29,160. Kwa zoezi, mwanafunzi achore mistari miwili kwenye karatasi moja, wa bei ya pipa la mafuta na wa idadi ya watu wa Williston, kuanzia mwaka 2000 hadi 2020, kisha aeleze kwa nini mmoja umeshuka na mwingine haukushuka pamoja nao.