Kufundisha Kumbukumbu za Vita: Makomando, Keya na Wachukuzi

Neno "komando" halihitaji kufafanuliwa kwa mtoto wa shule ya msingi nchini Tanzania. Amewaona makomando wa Jeshi la Wananchi katika sherehe za Uhuru, kama si uwanjani basi katika televisheni ya jirani, wakivunja matofali kwa vichwa vyao huku umati ukishangilia. Mwalimu anayetaka kufundisha jinsi watu wanavyohifadhi kumbukumbu za askari wao aweza kuanzia hapo, maana tumezoea kumwongoza mtoto kutoka katika lijulikanalo hadi katika lisilojulikana. Hatari iliyopo ni kwamba somo laweza kuishia hapo hapo penye matofali. Watoto hufurahi, kengele hulia, na hakuna aliyejiuliza: askari akishakufa, nani humkumbuka, na kwa njia gani?

Katika makala haya twakusudia kuonyesha jinsi mwalimu wa Darasa la Tano au la Sita awezavyo kulifikia swali hilo. Tumechagua mfano wa makomando wa Uingereza wa Vita Kuu ya Pili, kwa kuwa kumbukumbu zao zimetunzwa vizuri kuliko za askari wengi, na kwa kuwa njia yao ilikutana na ya askari wa Afrika Mashariki mahali ambapo si mbali nasi.

Hata neno lenyewe lina asili ya bara letu. Makaburu wa Afrika Kusini waliyaita hivyo makundi yao ya wapanda farasi, ambayo yaliwasumbua sana Waingereza katika vita vya 1899 hadi 1902. Mwaka 1940, baada ya majeshi ya Uingereza kufukuzwa Ufaransa, afisa mmoja aitwaye Dudley Clarke alipendekeza viundwe vikosi vidogo vya kuvuka bahari na kuishambulia pwani iliyoshikwa na Wajerumani. Jina alilolikumbuka ni lile la adui wa zamani. Kuanzia 1942 askari hao walifunzwa Achnacarry, katika milima ya Uskoti. Walishuka garimoshi katika kituo cha Spean Bridge na kutembea mwendo wa haraka, mizigo mgongoni, maili 7 hadi kambini. Walipofika walikuta kando ya njia safu ya makaburi ya bandia, kila moja likiwa na maandishi yaelezayo kosa lililomwua mtu anayedhaniwa kulala humo. Mwalimu awaeleze watoto jambo hili, kwani hawatalisahau. Lakini asilijaribu katika uwanja wa shule.

Ushujaa wa makomando usifundishwe kama sinema. Usiku wa tarehe 28 Machi, 1942, walishambulia bandari ya St Nazaire nchini Ufaransa. Manowari kuukuu iitwayo Campbeltown, iliyofichwa baruti ndani yake, iliendeshwa kwa nguvu hadi ikagonga lango la gudi kubwa la kutengenezea meli, na baadaye siku hiyo ikalipuka. Gudi hilo halikutumika tena muda wote wa vita. Wanamaji na makomando waliokwenda walikuwa 611, na waliokufa ni 169. Tarakimu hizi mbili zisiachwe ubaoni kama tarakimu tu. Katika darasa lenye watoto 54, waambie 15 wasimame na kwenda kusimama nyuma ya darasa, kisha waliobaki watazame madawati yaliyo wazi. Hiyo ndiyo hesabu ya St Nazaire kwa kipimo cha darasa lenu. Hatujui zana ya kufundishia iliyo rahisi kuliko hiyo wala iliyo nzito zaidi.

Tarehe 18 Oktoba ya mwaka huo huo Hitler alitoa amri ya siri kwamba makomando watakaokamatwa wauawe, hata wakiwa wamevaa sare na hata wakiwa wamejisalimisha. Siku chache baadaye makomando saba waliokamatwa nchini Norwei, baada ya kuharibu kituo cha umeme cha Glomfjord, walipigwa risasi katika kambi ya Sachsenhausen. Hawana makaburi. Hata hivyo majina yao yanajulikana, na amri iliyowaua ilitumika kuwa ushahidi mahakamani baada ya vita. Hapa mwalimu asimame kidogo na kuuliza darasa: kama karatasi ile ingechomwa moto, na kama majina yale yasingeandikwa na mtu, tungejuaje kwamba watu hao waliwahi kuishi?

Jambo la kutazamwa kwa makini ni lile lililofuata. Mnamo 1945 na 1946 vikosi vya makomando wa jeshi la nchi kavu vilivunjwa, na wanajeshi wa majini peke yao ndio walioendelea kulichukua jina. Kikosi kikivunjwa hakina tena kambi ya kutundika picha wala bendera. Kwa hiyo waliorudi wazima, pamoja na jamaa za waliokufa, waliifanya kazi hiyo wenyewe. Mwaka 1948 Churchill alizindua ukumbusho katika Westminster Abbey mjini London. Mwaka 1952 ilizinduliwa karibu na Spean Bridge sanamu ya shaba ya makomando watatu, iliyofanywa na mchongaji Scott Sutherland. Imesimama juu ya kilima na kuielekea milima waliyofunzia. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati: ni katika njia ile ile waliyopita na mizigo yao. Karibu nayo pana bustani ambamo familia huleta majivu ya wazee wao na kuweka vibao vidogo vyenye majina. Sanamu ni ya serikali na ya wageni wapigao picha. Vibao ni vya watoto na wajukuu. Kwa maoni yetu vibao ndivyo vyenye mafunzo makubwa zaidi kwa shule, maana kila mtu aweza kuandika kibao, bali sanamu ya shaba hugharimu fedha nyingi.

Sasa mwalimu alirudishe darasa upande wetu wa dunia, na daraja la kuvukia lipo. Tarehe 5 Mei, 1942, Kikosi Namba 5 cha Makomando kilishuka usiku kaskazini mwa Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu wa pwani walikiita Bukini, ili kuteka mizinga iliyolinda bandari ya Diego Suarez. Waingereza walihofu kwamba Wajapani wangekitumia kisiwa hicho, kilichokuwa chini ya Wafaransa waliokuwa wakishirikiana na Ujerumani. Mwezi Septemba mashambulizi yalianza upya kutokea Majunga, na safari hii aliyetembea kwa miguu kwenda Tananarive alikuwa Keya. Hilo ndilo jina ambalo watu wetu waliwapa askari wa K.A.R., na katika brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki walikuwamo Keya kutoka Kenya, Nyasa na Tanganyika. Waliuingia mji huo tarehe 23 Septemba, wakaendelea kusini hadi Wafaransa waliposalimu amri mwezi Novemba. Mwaka 1944 Keya wengine wengi walipelekwa Burma, wakapigana katika bonde la Kabaw wakati wa masika, katika tope na malaria.

Kisiwa kimoja, mwaka mmoja, jeshi moja. Mwulize mtoto: komando wa Madagaska anakumbukwa wapi? Atajibu kwa yale aliyojifunza. Kisha umwulize: na Keya wa Madagaska? Hapo darasa hunyamaza, na ukimya huo mwalimu asiufunike kwa jibu lake mwenyewe.

Jibu la haki lina pande mbili, nasi hatuna budi kuzieleza zote. Keya waliokufa katika Vita Kuu ya Pili hawakusahauliwa kabisa. Wengi wameandikwa kwa majina katika makaburi ya vita na katika kumbukumbu za Nairobi na za Burma. Balaa kubwa lilikuwa la vita vilivyotangulia, vya 1914 hadi 1918, vilivyopiganwa katika ardhi yetu wenyewe. Waingereza na Wajerumani walichukua wanaume kwa malaki kubeba risasi na vyakula, kwa kuwa magari hayakuweza kupita na wanyama waliuawa na mbung'o. Kwa upande wa Waingereza peke yao wachukuzi zaidi ya 40,000 waliandikwa kuwa wamekufa, wengi kwa njaa na kuhara damu kuliko kwa risasi. Hao hawakupewa mawe ya makaburi yenye majina. Iliamuliwa kwamba sanamu chache za jumla zatosha. Ndiyo asili ya sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, na ya zile za Nairobi na Mombasa. Ile ya Nairobi nayo ina watu watatu wa shaba, na mmoja wao ni mchukuzi.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayoshughulikia makaburi ya vita ilitoa taarifa na kuomba radhi. Taarifa hiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita vile, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo mtoto akichora watatu wa Spean Bridge na watatu wa Nairobi katika ukurasa mmoja, ataona vitu vinavyofanana sana. Tofauti haimo katika shaba. Ni kwamba nyuma ya watatu wa kwanza kuna orodha ya majina, na nyuma ya watatu wa pili, kwa sehemu kubwa, hakuna. Kumbukumbu moja ya wachukuzi iliyobaki kwa nguvu haikujengwa na mtu: ni neno Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao, na ambalo watu hulitamka kila siku wakienda kununua nyanya.

Tumesema mengi juu ya maudhui; upande wa njia twaweza kusema machache, kwa sababu njia ni moja. Darasa lianzishe daftari la majina. Katika kipindi cha kwanza sanamu zichorwe ubaoni na watoto waulize maswali: ni nani hawa, aliyewajenga ni nani, jina la nani limeandikwa, jina la nani halikuandikwa? Kwa juma moja linalofuata kila mtoto aulize nyumbani kama katika ukoo wao alikuwapo mchukuzi, Keya, au askari wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Wachukuzi wote wamekufa, na Keya ni vigumu kumpata. Waliopigana Kagera bado wapo, lakini hata waliokuwa vijana wakati ule sasa wamepita miaka sitini. Mwalimu anayengoja mwaka ujao aweza kukuta mlango umefungwa.

Mzee akipatikana, asipelekewe darasa zima. Waende watoto wanne pamoja na mwalimu, baada ya kuomba ruhusa kwake na kwa familia yake. Wamwamkie, wakae, wamwache aanze anapotaka. Kuna swali ambalo kila mtoto wa kiume atataka kuuliza, nalo ni "Babu, uliua watu wangapi?" Mwalimu alizuie swali hilo darasani kabla ya safari, na aeleze kwa nini. Yafaa zaidi kuuliza mwenzake wa karibu alikuwa nani, walikula nini, barua zilifikaje, alirudi lini na nani alimpokea. Mjane aulizwe pia. Mara nyingi yeye ndiye aliyeitunza picha na cheti cha kuachia jeshi. Vitu hivyo vinakiliwe pale pale, wala visichukuliwe kwenda shuleni hata kwa siku moja. Machozi yakija, somo la siku hiyo limekwisha, na daftari lifungwe.

Watoto watarudi na habari zinazopingana. Mjukuu atasema babu alikwenda Burma, na cheti kitasema Madagaska. Mwalimu asichague upesi. Yaandikwe yote mawili, na kando ya kila moja liandikwe jina la aliyesema au karatasi iliyosema. Mtoto aliyejifunza kufanya hivyo ameanza kuwa mwanahistoria, hata kama mwandiko wake bado umepinda. Wengine watarudi na maneno machache tu: kwamba kaka wa babu wa babu alichukuliwa kubeba mizigo akaenda asirudi, na jina lake lilikuwa fulani. Hilo lisidharauliwe kwa ufupi wake. Lipewe mstari wake, jina kwanza, kijiji, kisha maneno hayo hayo kama yalivyosemwa.

Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, daftari lisomwe gwaride la asubuhi kama shule imefunguliwa. Kama imefungwa, lisomwe siku ya kufungua. Yasomwe majina tu, bila hotuba. Nakala moja ikae ofisini kwa mwalimu mkuu, na kila familia ipewe nakala ya ukurasa wake. Mwalimu akihamishwa, daftari likabidhiwe kwa maandishi kama vikabidhiwavyo vitabu vya shule, na Darasa la Tano la mwaka unaofuata lianze kuandika katika ukurasa ule ule ambao wenzao waliishia.