Malkia ni Nani? Vyeo vya Wenzi wa Watawala wa Kifalme na Mtihani wa Mfasiri wa Kiswahili

UTANGULIZI

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hukutana na malkia wawili wanaofahamika sana. Mmoja ni malkia wa Sheba, aliyefunga safari kwenda kumjaribu Sulemani kwa maswali ya fumbo. Mwingine ni Esta, yatima wa Kiyahudi aliyeolewa na mfalme Ahasuero wa Uajemi. Neno ni moja, lakini hali ni mbili zilizotengana kama mbingu na ardhi. Wa Sheba alikuwa na kiti chake mwenyewe. Esta alivikwa taji na mumewe, baada ya mume huyohuyo kumvua Vashti umalkia kwa kosa la kukataa wito wake.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba Kiswahili, kwa kulitumia neno malkia kwa watu hawa wawili bila kuwapambanua, humwachia mfasiri na mwanahabari mtihani mgumu. Tutaanza kwa kuchunguza maneno yenyewe, kisha tutazame jinsi vyeo vinavyotolewa katika falme kadhaa, na hatimaye tutoe pendekezo.

MANENO NA ASILI YAKE

Neno mfalme limo katika ngeli ya A-WA, ngeli ambayo haibagui jinsia. Mkulima, mganga na mtawala aweza kuwa mwanamume au mwanamke. Kisarufi, basi, hakuna kinachozuia mwanamke kuitwa mfalme. Kinachozuia ni matumizi: kuwepo kwa neno malkia kumemfanya mfalme abaki kuwa mwanamume.

Malkia limetokana na neno la Kiarabu malika, umbo la kike la malik, yaani mfalme. Mzizi wake ndio uliotupa pia miliki, milki na mamlaka. Kwa asili yake, hivyo basi, neno hili limebeba dhana ya kumiliki na kutawala. Hata hivyo, katika matumizi ya Kiswahili, kama ilivyo katika Kiarabu chenyewe, linamhusu pia mke wa mfalme asiyetawala chochote. Kinyume chake hakipo: mume wa malkia haitwi mfalme. Je, kasoro hii ni ya lugha au ni ya desturi za kifalme zenyewe?

CHEO CHA MKE, CHEO CHA MUME

Nchini Uingereza, mke wa mfalme huwa malkia kwa desturi ya kisheria, bila kuhitaji tangazo maalumu. Ndiyo maana mwaka 1936 Mfalme Edward wa Nane alipotaka kumwoa Wallis Simpson pasipo kumfanya malkia, serikali ilikataa kutunga sheria ya kuruhusu ndoa ya namna hiyo. Mfalme akaacha kiti. Hali kadhalika, mwaka 2005 Charles alipomwoa Camilla, ilitangazwa kwamba mumewe atakapotawazwa, Camilla atatumia cheo cha chini ya malkia. Februari 2022 Malkia Elizabeth wa Pili alieleza matakwa yake kwamba Camilla aitwe malkia, na ikawa hivyo Septemba mwaka huohuo Charles aliporithi kiti.

Mume hana bahati hiyo. Tukio moja lilitokea papa hapa kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, Elizabeth akiwa Treetops karibu na Nyeri, baba yake alifariki dunia, naye akawa malkia. Mumewe Philip, aliyekuwa naye katika safari hiyo, hakupata cheo chochote kutokana na badiliko hilo. Alibaki Duke wa Edinburgh, cheo alichopewa mwaka 1947, na ni mwaka 1957 tu ambapo mkewe alimpa hadhi ya mwanamfalme wa Uingereza kwa hati ya kifalme. Mume wa Malkia Victoria, Albert, alingoja miaka 17 baada ya harusi kabla ya kupewa rasmi, mwaka 1857, cheo cha mwenzi wa malkia.

Haikuwa hivyo kila mahali wala kila wakati. Malkia Mary wa Kwanza wa Uingereza alipoolewa na Philip wa Hispania mwaka 1554, mume aliitwa mfalme, ila haki yake nchini humo ilikoma mke alipofariki mwaka 1558. Huko Ureno, mume wa malkia aliitwa mfalme baada ya kupatikana mtoto wa kurithi kiti. Kwa njia hiyo Ferdinand, mume wa Malkia Maria wa Pili, alipata ufalme mwaka 1837.

Uchungu wa jambo hili ulidhihirika zaidi nchini Denmark. Henrik, mume wa Malkia Margrethe wa Pili, alilalamika kwa miaka mingi kwamba amenyimwa cheo cha mfalme ilhali mke wa mfalme huitwa malkia. Mwaka 2016 aliacha kutumia cheo chake cha mwenzi wa malkia, na mwaka 2017 ikatangazwa kwamba hataki kuzikwa kando ya mkewe. Alifariki mwaka 2018. Margrethe alipoacha kiti tarehe 14 Januari 2024 na mwanawe Frederik kukirithi, mke wa Frederik aliitwa malkia siku iyo hiyo.

Ni bayana, basi, kwamba kutolingana huku kumo katika desturi zenyewe. Hofu iliyojificha ni hii: mfalme huchukuliwa kuwa mkubwa kuliko malkia, na mume akiitwa mfalme ataonekana kumpita mkewe anayetawala. Mfasiri hana ruhusa ya kuliziba pengo hilo kwa kumwita Philip mfalme. Lakini pia hana sababu ya kuongeza utata usiokuwapo.

MAJIRANI WAMEFANYAJE?

Ethiopia ilitenganisha vyeo hivi kwa maneno. Zewditu, binti wa Menelik wa Pili, aliyetawala kuanzia mwaka 1916 hadi 1930, aliitwa Nigiste Negest, yaani malkia wa wafalme. Taytu, mke wa Menelik, na Menen, mke wa Haile Selassie, waliitwa Itege, cheo cha mke wa mtawala. Katika Kiswahili wote watatu huwa malkia tu, na msomaji hawezi kujua ni yupi aliyetawala. Mume wa Zewditu, Ras Gugsa Welle, alitenganishwa naye alipoingia madarakani na hakushiriki kiti hicho.

Buganda nayo ina Nnabagereka, mke wa Kabaka, na Namasole, mama yake, ambaye kwa jadi alikuwa na makao na watumishi wake. Nchini Eswatini, Indlovukazi ni mama wa mfalme mwenye nafasi kubwa katika utawala, ilhali wake wa mfalme huitwa kwa cheo kingine, Inkhosikati. Kuwaita wote malkia ni kuufuta mpangilio mzima wa utawala wa watu hao.

PENDEKEZO

Kwanza, mwanamke mwenye kiti aitwe malkia mtawala anapotajwa mara ya kwanza. Mke wa mfalme atajwe kwa maelezo, mathalani, "Malkia Camilla, mke wa Mfalme Charles". Baada ya hapo neno malkia latosha, kwa kuwa msomaji ameshaelekezwa.

Pili, mwanamume aitwe mume wa malkia. Istilahi hii ni nyepesi na haimpi mamlaka asiyokuwa nayo.

Tatu, tuyatumie kwa hadhari maneno mwanamfalme na binti mfalme. Maneno haya hutaja uzazi, ilhali vyeo vya Ulaya hutaja daraja. Diana aliitwa binti mfalme katika maandishi mengi ya Kiswahili, lakini baba yake alikuwa kabaila, Earl Spencer. Cheo alikipata kwa kuolewa na mrithi wa kiti. Kadhalika Claus, mume wa Malkia Beatrix wa Uholanzi, alipewa hadhi ya kifalme mwaka 1966 kwa ndoa, wala hakuwa mwana wa mfalme yeyote. "Mke wa mwanamfalme" ni sahihi zaidi kwa Diana, na "mume wa malkia" kwa Claus.

Nne, vyeo vya Kiafrika vyenye maana mahususi viachwe vilivyo na kufafanuliwa: Nnabagereka, Indlovukazi, Itege.

HITIMISHO

Huenda wengine wakauliza mambo ya makasri yanamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili katika jamhuri. Yanamhusu kwa kuwa cheo ni habari. Anayesoma kwamba nchi fulani ina mfalme na malkia ana haki ya kujua ni nani kati yao aliye na kiti, na ni nani ambaye cheo chake kinategemea ndoa. Lugha yetu ina maneno ya kutosha kumweleza hayo. Kinachotakiwa ni mfasiri kujiuliza, kabla ya kuandika neno malkia: huyu ni wa Sheba, au ni Esta?