Mbio za wanyama: Mtume aliziwekea taratibu, sisi je?



 

Ndugu msomaji, huku Mkula, chini ya milima ya Udzungwa katika bonde la Kilombero, farasi hatuna. Mbung'o na ugonjwa wa nagana walihakikisha tangu zamani kwamba mnyama huyo hapati makazi. Farasi ambao vijana wetu wanawajua ni wale wa kwenye runinga za vibanda vya kubeti, farasi waliochorwa na kompyuta, wanaokimbia kila baada ya dakika chache huku kijana ameshika mkeka wake mkononi. Punda ndio wapo, wamekuja na wafugaji. Na suala ninalotaka kulieleza leo lilianzia kwa punda.

Baada ya darsa moja la Alasiri vijana watano walinijia. Walitaka siku ya Idd pafanyike mbio za punda. Kila mwenye punda atoe shilingi 5,000, na mshindi azoe zote. Wapandaji wawe watoto wa madrasa, "kwa sababu ni wepesi". Mmoja akasema: "Ustadhi, wewe mwenyewe ulitusomesha kuwa Mtume (s.a.w.) alishindanisha farasi. Basi hii si Sunna?" Mzee wetu mmoja aliyekuwa anasubiri Magharibi akadakia kwamba mbio za wanyama ni kamari tupu, mambo ya wazungu, haramu toka mwanzo hadi mwisho.

Nilimheshimu mzee, nikawaomba wanipe siku chache. Nikirejea vitabu nikaona kwamba pande zote mbili zimechukua nusu ya maneno.

Kwanza, mbio zenyewe zina asili katika dini. Abdullah bin Umar (r.a.) amesimulia katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi waliofanyiwa mazoezi maalumu kutoka Hafya hadi Thaniyyatul Wadaa, na wale ambao hawakufanyiwa mazoezi akawawekea mwendo kutoka Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zuraiq. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana.

Hapa ndipo wengi tunapopita haraka. Wapokezi wameeleza kuwa mwendo wa kwanza ulikuwa kama maili 5 au 6, na wa pili maili 1 tu. Kwa nini tofauti kubwa namna hiyo? Kwa sababu farasi ambaye hakuandaliwa, ukimlazimisha maili 6, unamuua. Kwa hiyo katika mbio za Mtume (s.a.w.) kulikuwa na mahali pa kuanzia na pa kumalizia panapojulikana, kulikuwa na madaraja ya wanyama, na mwendo ulipimwa kwa uwezo wa mnyama. Haikuwa kila mtu achape akimbie.

Zaidi ya hapo, katika Sunan Abu Daud imepokewa kutoka kwa Imran bin Huswain (r.a.) makatazo ya mambo mawili katika mashindano: jalab na janab. Wanazuoni wamefafanua kwamba jalab ni mtu kumweka mwenzake amfuate farasi wake kwa nyuma akimpigia kelele ili azidishe mbio. Janab ni kuongoza farasi mwingine pembeni, ambaye hajachoka, ili wa kwanza akichoka ahamie kwa huyu. Ya kwanza inamtesa mnyama na kumdhulumu mshindani. Ya pili ni ulaghai mtupu. Leo hii huko Nairobi, kwenye uwanja wa Ngong uliopo tangu mwaka 1954, wapandaji wanapimwa uzito ili asipatikane mwenye kupendelewa, nasi tunadhani huo ni uvumbuzi wa Waingereza. Tofauti ni kwamba pale kuna kubeti, na sehemu kubwa ya ukali wa kanuni za namna ile ni kulinda fedha za wacheza kamari.

Suala la fedha ndilo lililowachanganya vijana wangu. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai inaruhusu zawadi katika ngamia, farasi na mishale. Je, punda wamo? Kwa sisi Mashafii, Imam Nawawi katika Minhaj ameona kauli yenye nguvu ni kwamba nyumbu na punda wanaingia. Madhehebu nyingine zimebana zaidi. Lakini zawadi itoke wapi? Ikitoka kwa kiongozi, au kwa mtu asiyeshindana, hakuna tatizo. Wakichanga washindani wote ili mmoja azoe, kwa wanazuoni wengi hiyo ni kamari, iliyokatazwa katika Qur'an (5:90). Wapo waliotoa njia ya kumwingiza mshindani wa tatu asiyechanga, na mjadala wake ni mrefu. Ile 5,000 ya kila mtu, basi, haikuwa na tofauti na mkeka wa kibandani isipokuwa kwamba punda ni wa kweli na anaumia kweli.

Na anaumia. Katika Sahih Muslim, Jabir (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alimwona punda aliyechomwa chapa usoni, akamlaani aliyefanya hivyo. Punda, ndugu msomaji, mnyama ambaye sisi tunamtumia kama tusi!

La watoto ndilo lililonitia hofu kuliko yote, kwa sababu tunao ushahidi wa karibu. Kwa miaka mingi katika nchi za Ghuba ngamia wa mbio walipandishwa watoto wadogo kutoka Bangladesh, Pakistan, Sudan na Mauritania. Walichaguliwa kwa ile ile sababu ya vijana wangu: ni wepesi. Walinyimwa chakula ili wasiongezeke uzito, walianguka, wakavunjika, na wapo waliokufa. Na hayo yalifanyika katika miji yenye adhana mara tano kwa siku. Mwaka 2005 Falme za Kiarabu zilipiga marufuku wapandaji walio chini ya miaka 18, na kwa makubaliano na UNICEF zaidi ya watoto 1,000 wakarejeshwa makwao. Qatar nayo ilipiga marufuku mwaka huo huo, na mahali pa watoto pakashikwa na roboti. Alhamdulillahi. Lakini ukitazama mbio hizo leo, wenye ngamia wanaendesha magari pembezoni mwa uwanja wakipiga kelele kupitia redio na kuchapa kwa rimoti. Mimi nikaona, hii si jalab?

Tukumbuke pia kwamba huyo huyo Ibn Umar alirudishwa siku ya Uhud kwa kuwa alikuwa na miaka 14, akaruhusiwa siku ya Khandaq alipokuwa na 15. Ikiwa vitani, ambako watu walihitajika sana, umri ulitazamwa, itakuwaje kwenye mchezo wa Idd?

Mfano wa karibu nasi zaidi ni Lamu, ambako punda ni wengi kuliko magari, na wakati wa Maulidi vijana hushindana kwa punda kando ya bahari, bila matandiko. Ni mila nzuri na ina watu wake. Siku zilizobaki punda hao hao wanabeba mchanga na mawe. Mwaka 1987 shirika la Kiingereza la Donkey Sanctuary lilifungua zahanati pale, linawatibu bila malipo. Tunawashukuru. Ila inauma kidogo kwamba aliyekuja kutukumbusha haki ya mgongo wa punda hakuwa ustadhi. Hapa kwetu nchi inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Waandaaji wa mbio, popote walipo, hawana kisingizio cha kuacha kuandika kanuni zao na kuzisoma hadharani kabla ya kuanza.

Vijana waliporudi niliwapa zangu. Hakuna mchango wa washindani; mzee yule yule aliyeharamisha amejitolea mbuzi. Mpandaji awe mtu mzima mwepesi, si mtoto. Mbio ziwe kwenye uwanja wa mpira, si barabarani penye bodaboda na malori ya miwa, na ziwe fupi, asubuhi kabla ya jua kali. Bwana mifugo awakague punda mapema, mwenye kidonda au mimba asiingie. Na fimbo hakuna.

Wamekubali yote isipokuwa la fimbo. Wanasema punda bila fimbo hatoki alipo. Nimewajibu kwamba basi atakayegoma katikati ya uwanja amemshinda mpandaji wake, na hapo ndipo mazungumzo yetu yalipofikia mpaka sasa.