Bwana Keïta, Mpiga Picha wa Bamako

Wanafunzi wenzangu, na ninyi mliosoma hapa kabla yetu, wako watu wasemao kwamba kupiga picha si sanaa, kwa kuwa kazi yote hufanywa na mashine. Katika kidato cha sita tumebishana sana juu ya neno hili, na mimi, nishikaye kamera ya chama chetu cha picha, sikubali. Nitawaeleza kazi ya mtu mmoja, nanyi mwamue.

Seydou Keïta alizaliwa Bamako, katika nchi iitwayo leo Mali, yapata mwaka 1921. Hakusoma shule, alifundishwa useremala. Mwaka 1935 jamaa yake mmoja alirudi kutoka Senegal na kamera ndogo, Kodak Brownie, akampa. Mwaka 1948 alifungua studio katika kiwanja cha nyumbani kwao, na watu wakamjia kwa wingi.

Sasa angalieni alivyofanya kazi. Kamera yake ya studio ilikuwa kubwa, yenye kusimama juu ya miguu mitatu, na kila kipande cha filamu kilikuwa cha sentimita 13 kwa 18. Kipande kimoja, picha moja. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida mteja alipigwa mara moja tu. Basi mambo yote yalipaswa kuamuliwa kabla ya mkono kugusa kamera.

Alipenda kupiga uani, kwa mwanga wa jua. Nyuma ya mteja alitundika kitambaa. Cha kwanza kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe, lenye matamvua. Kila baada ya miaka miwili au mitatu alikibadilisha, hata uzeeni akaweza kutambua mwaka wa picha kwa kutazama kitambaa tu. Ukutani alibandika picha za mfano ili mteja achague namna ya kukaa, lakini hakumwachia hapo. Alimgeuza bega kidogo, akamwinamisha kichwa, akatandaza gauni la mama ili nakshi zake zionekane, akaiweka mikono mahali pake pamoja na bangili. Asiye na suti aliazimwa suti, na tai, na saa, na kalamu, hata redio. Iko picha ya mwaka 1959, ya kijana mwenye miwani na suti nyeupe, ameshika ua moja. Ua lile halikuletwa na mashine.

Wengine husema vitu vya kuazima ni uongo. Bibi yangu alipofariki mwaka jana, simu za nyumbani zilikuwa na picha zake zaidi ya mia mbili: anachambua maharagwe, anacheka na wajukuu, amepita mlangoni. Picha iliyowekwa juu ya jeneza ilikuwa ya studio, ya ujana wake, naye ameshika mkoba mkononi. Shangazi alisema, huku akilia na kucheka, kwamba mkoba ule ulikuwa wa mwenye studio. Lakini hakuna aliyetaka picha nyingine. Ndivyo bibi alivyochagua kutazamwa.

Mwaka 1962 Serikali ya Mali ilimchukua Keïta awe mpiga picha wake, na baadaye studio ikafungwa. Maelfu ya filamu alizihifadhi. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York bila jina lake. Mwaka 1994 akafanyiwa maonyesho yake peke yake mjini Paris. Alifariki huko mwaka 2001. Leo jina lake lajulikana, lakini wengi wa wale aliowapiga hawajulikani majina, nami jambo hilo hunisikitisha kuliko lile la New York.

Katika chama chetu, kila Jumamosi mwanachama hupewa picha moja tu, hata akitumia simu. Kwanza huandika katika daftari: mwanga watoka wapi, nyuma pana nini, mikono itakaa wapi. Picha ikisha kuchapwa, jina la aliyepigwa huandikwa nyuma kwa kalamu. Muhula huu tunawapiga wapishi na walinzi, na kila mmoja hupewa nakala yake. Mzee wa getini alikataa kupigwa Jumamosi iliyopita. Amesema atakuja Jumapili na koti lake. Nimemwekea saa kumi, jua likianza kulegea.