Peana, Kushirikiana na Kumumunyuka: Lugha ya Kufundishia Miungano ya Atomi kwa Wahudumu wa Dawa

Makala haya yanajadili namna Kiswahili kinavyoweza kutumiwa kufundisha misingi ya kemia, hasa miungano ya atomi, kwa wateknolojia wa dawa wanaohudumu katika mitaa ya Kibera na Kawangware, Nairobi. Wahudumu hawa husomea taaluma yao kwa Kiingereza, kisha huitekeleza kwa Kiswahili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo, kwenye dirisha la duka la dawa huko Makina au Gatina, hadhi hiyo hupimwa kwa jambo dogo zaidi: je, mama mwenye mtoto anayehara ataelewa anachoambiwa?

Tuchukue mfano wa pakiti ya ORS. Kwa mujibu wa fomyula ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002, pakiti ya lita moja ina gramu 13.5 za glukosi, gramu 2.9 za sitrati ya sodiamu, gramu 2.6 za kloridi ya sodiamu na gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu. Viambato vitatu kati ya hivyo vinne ni chumvi. Kwa mkemia, chumvi ni jina la jamii nzima ya kampaundi. Kwa mpishi, ni kitu kimoja tu. (Hata "dawa ya kuhara" ina utata: ni ya kuzuia au ya kusababisha? ORS si mojawapo. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi zilizopotea.)

Atomi ya sodiamu ina protoni 11 katika kiini na elektroni 11 zinazokizunguka, moja ikiwa peke yake katika tabaka la nje. Klorini ina elektroni 17, saba kati yake zikiwa tabaka la nje, na nafasi ya nane i wazi. Sodiamu hutoa, klorini hupokea. Sodiamu hubaki na chaji chanya, klorini hupata chaji hasi, nazo huvutana. Mvutano huo ndio muungano wenyewe. Kule kutoa ni maandalizi tu. Hivyo ndivyo metali inayolipuka ikigusa maji, na gesi iliyotumiwa kama silaha huko Ypres mwaka 1915, zinavyokuwa kitoweleo cha ugali wetu.

Mwalimu atumie kitenzi gani hapa? Wengi wangesema sodiamu na klorini "hupeana" elektroni. Katika Kiswahili sanifu, kiambishi -an- huonyesha utendano, yaani kila mmoja humpa mwenzake. Hilo si kweli kwa sodiamu, ambayo hairudishiwi chochote. Lakini katika Kiswahili cha Nairobi, "peana" ni kutoa tu. Mwanafunzi wa Kawangware atalielewa neno hilo sawasawa, ilhali msomaji wa kitabu kilichohaririwa kwa usanifu atapotoka. Kwa maoni yangu, "kutoa na kupokea" ni salama kwa wote wawili. Utendano tuuhifadhi kwa glukosi: atomi zake 6 za kaboni, 12 za hidrojeni na 6 za oksijeni hushirikiana elektroni, wala hakuna aliyempokonya mwenziwe.

Tofauti hiyo hudhihirika ndani ya maji. Kloridi ya sodiamu hutengana ikawa ioni. Molekuli ya glukosi hubaki nzima. Katika ukuta wa utumbo mwembamba, sodiamu na glukosi hupita pamoja katika protini moja, wazo alilolitoa Robert Crane huko Prague mwaka 1960, na maji hufuata. Kwa hiyo sukari iliyomo katika pakiti si ya kumbembeleza mtoto anywe. Bila glukosi, mlango huo wa sodiamu haupitiki.

Limebaki neno "kuyeyuka". Mitaani, barafu huyeyuka na chumvi pia "huyeyuka" majini. Istilahi sanifu hutenganisha: barafu huyeyuka kwa joto, chumvi humumunyuka katika maji. Mzazi anayeambiwa "yeyusha" anaweza kudhani kwamba moto unahitajika, au kwamba unga ukishapotea machoni kazi imekwisha, kiasi chochote cha maji kikitosha. Pakiti ya lita moja ikikorogwa katika nusu lita, ioni huwa maradufu, na mchanganyiko huo huweza kuvuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni. Palipo na mtungi wa lita 20 na kikombe kisichojulikana ujazo, mhudumu aseme: "Mama, soma hapa kwanza. Kama imeandikwa lita moja, jaza chupa mbili za nusu lita maji safi ya kunywa, uyamimine yote katika chombo kimoja, kisha utie pakiti nzima na ukoroge mpaka imumunyuke yote."