TAKA ZISIZOOZA

Twajua sote kwamba maganda na majani yakifukiwa huoza, yakawa mbolea. Lakini ziko taka zisizooza: simu mbovu, redio, televisheni, kompyuta na betri za sola zilizokufa. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na haikufika robo yake iliyokusanywa na kushughulikiwa ipasavyo.

Likizo ya Juni nilikwenda Dar es Salaam kwa mjomba wangu, fundi wa televisheni. Nyuma ya kibanda chake pana lundo la televisheni za chogo. Matangazo ya mtindo wa zamani yalipoanza kuzimwa mjini humo, tarehe 31 Desemba 2012, baadhi ya wateja wake walidhani zimekufa, wakanunua mpya. Kumbe king'amuzi kingetosha!

Kioo cha televisheni ya chogo kina madini ya risasi. Ikiwa nzima haimdhuru mtu. Hatari huanza inapovunjwa. Vijana huchoma nyaya zake ili plastiki iungue, wapate shaba ya kuuza, na moshi ule mweusi una sumu iwezayo kuleta saratani. Risasi nayo haiteketei kwa moto. Hubaki katika majivu na udongo, na ikimwingia mtoto huharibu ubongo wake. Mjomba hachomi, huambua waya kwa kisu, kazi ya kutwa nzima kwa shaba ya kujaza kiganja.

Serikali yetu ilitunga kanuni za taka hizi mwaka 2021. Hata hivyo, mnunuzi wa vyuma chakavu apitaye kijijini kwetu, si mbali na hapa Kinampanda, huuliza uzito tu.

Nasema hivi kwa haya. Nilipokuwa kidato cha pili, mimi na wenzangu tulipasua betri tatu za sola kwa shoka, tukamwaga maji yake makali, tukauza mabamba ya risasi. Tulinunua mpira. Mahali pale pako juu ya bustani ya mama, na mvua ikinyesha maji hupita hapo kwanza, ndipo yafike kwenye mchicha. Wadogo zangu wawili hula mchicha huo karibu kila siku.

Likizo ijayo nitamwomba mama aihamishe bustani upande wa pili wa nyumba. Bado natafuta maneno ya kumweleza sababu.

— Mwanafunzi wa Kidato cha IV