Jua la Lubumbashi

Watoto, fikirini kidogo. Katika mji wa Lubumbashi, mwezi gani una jua jingi kupita miezi mingine? Wengi hujibu mara moja: «Mwezi wa kumi, kwa maana ndipo joto linapotutesa.» Wengine husema: «Mwezi wa kumi na mbili, kwa maana mchana ni mrefu.» Wote wamekosa. Jua jingi liko katika kipwa, mwezi wa saba na wa nane, wakati wa baridi.

Ni kweli, katika mwezi wa kumi na mbili mchana unadumu karibu masaa 12 na dakika 45. Katika mwezi wa sita haufiki masaa 11 na nusu. Lakini wakati wa masika mawingu yanafunika mbingu. Katika mwezi wa kwanza jua linaonekana masaa 4 au 5 tu kwa siku. Wakati wa kipwa mvua imekatika, na jua linang'aa zaidi ya masaa 9.

Hesabu hiyo inapatikana namna gani? Kuna chombo chenye mpira wa kioo. Mpira unakusanya nuru ya jua na kuchoma karatasi nene iliyo nyuma yake. Jua likisonga, alama ya moto inasonga pia. Wingu likipita, alama inakatika. Jioni watu wanapima urefu wa alama.

Basi, kama kipwa kina jua hivi, kwa nini asubuhi tunatetemeka? Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1 200 kupita bahari. Tena mawingu ni kama blanketi ya nchi. Yakikosa usiku, joto la udongo linapanda na kupotea, na hewa inaweza kushuka chini ya digri 10. Tena wakati huo jua linapita upande wa kaskazini. Mwishoni mwa mwezi wa kumi ndipo linasimama juu ya utosi, nalo linachoma kweli.

Mama wa kijijini hana mpira wa kioo, lakini hesabu anaijua. Wakati wa kipwa anaanika mihogo aliyoiloweka, nayo inakauka vizuri, tayari kutwangwa unga wa bukari. Katika mwezi wa kwanza anaianika asubuhi, mvua inakuja, anakimbia kuianua. Kesho vilevile. Mihogo inaota ukungu, inatupwa, na watoto wanakula kidogo. Kwa hiyo mama mwenye akili anajaza kitunga chake kabla ya masika.

Maulizo

1. Mwezi wa kumi na mbili una mchana mrefu. Kwa nini jua linaonekana kidogo?
2. Kwa nini usiku wa kipwa una baridi?
3. Ulizeni mama zenu: mihogo inakauka kwa siku ngapi wakati wa kipwa? Na wakati wa masika?
4. Mwishoni mwa mwezi wa kumi, simikeni fimbo uwanjani saa sita ya mchana. Kivuli chake kiko wapi?